Mwali wa Miono

"Umechezwa?"

Mkaguzi Asteria Rweyongeza alikuwa ameulizwa mengi kwenye milango ya watu tangu aingie idara ya upelelezi, lakini swali hilo lilikuwa jipya. Alikuwa amesimama ukumbini kwa Nadhira, kijijini Miono, kitambulisho cha polisi kikiwa mkononi. Mbele yake mwenye nyumba alikuwa ameuziba mlango wa chumba cha nyuma kwa mwili wake wote, na mwili wenyewe haukuwa haba.

"Samahani, mama. Nimechezwa nini?"

"Ngoma ya unyago. Kwenu wasichana hawachezwi?"

"Kwetu Bukoba hatuna hiyo."

"Basi wewe bado mtoto." Nadhira alilisema bila kejeli, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Humu ndani mna mwali. Mwanamume haingii, na mwanamke ambaye hajachezwa haingii. Hicho kitambulisho kawaoneshe wanaume huko nje."

Wanawake wawili waliokuwa wakichambua mchicha uani walicheka. Asteria alihisi uso ukipata moto. Sheria ilimruhusu kumsogeza mama huyo kando na kuusukuma mlango. Lakini alikuwa mgeni pwani, na siku ya kwanza tu alipohamishiwa Bagamoyo alionywa kwamba kuna vyumba ambavyo askari akivivamia, kijiji kizima hakitampa tena hata maji ya kunywa. Akarudisha kitambulisho mfukoni.

"Ninamtafuta mama yako mkubwa. Bibi Gertruda. Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Krismasi. Alikuja kula kuku, akaondoka."

"Unajua Martini ameuawa?"

Mkono wa Nadhira ulikuwa umeshika mwimo wa mlango. Vidole vilitetemeka, kisha vikakaza. "Tumesikia," alisema. "Mungu amrehemu."

Asteria aliuona mtetemeko huo. Akauandika kichwani kama woga wa kawaida wa raia mbele ya polisi, jambo ambalo baadaye lilimfanya ajione bure kabisa. Aliona pia sinia lililotoka chumbani: bakuli lenye mabaki ya ndizi zilizopondwapondwa na kikombe cha kahawa chungu. Akasikia harufu ya chokaa mbichi. Aliviona vyote vizuri sana na hakuelewa hata kimoja.

"Jambo moja, mwanangu," Nadhira alimwambia Asteria alipokuwa akishuka ngazi. "Huko uendako usimtaje mwali. Kwetu mwali akiwa ndani hatajwi barabarani."

"Sawa, mama."

Alisema sawa kama watu wanavyosema sawa.

* * *

Martini alikuwa seremala. Kwa miaka mingi ndiye aliyemtengenezea Bibi Gertruda fremu za kutandia picha zake, kwenye banda la mabati huko Makurunge ambako bibi huyo aliishi na kuchora. Jumatatu jirani alimkuta Martini amelala kifudifudi sakafuni, kichwa kimepasuliwa kwa kitu kizito. Sanduku la vifaa lilikuwa wazi, kila kifaa mahali pake, isipokuwa nyundo. Kutani hapakuwa na picha hata moja. Na Gertruda hakuwepo.

Ngumi ya kulia ya marehemu ilikuwa imefumbata kipande cha kitambaa, ukingo wa turubai la kuchorea uliochanwa. Asteria alikuwa nacho kwenye mfuko wa nailoni tangu siku hiyo.

Mkuu wake alikuwa ameshamaliza kesi akiwa kitini. "Bibi kagombana na fundi wake, kampiga nyundo, katoroka. Mlete tufunge faili." Asteria hakukubali. Gertruda alikuwa na miaka sabini na kitu na goti bovu. Martini alikuwa na mabega ya kubebea milango. Mtu aliyempiga alikuwa na nguvu, na kama hakumkuta bibi bandani siku ile, basi bado alikuwa akimtafuta. Hilo ndilo lililomnyima Asteria usingizi. Kila asubuhi alipoingia kituoni alitazama kwanza kama kuna taarifa ya maiti ya mwanamke mzee.

Kwa hiyo walipotoka Miono mikono mitupu, alimwambia dereva wake, Koplo Husseni, mtu wa Ujiji asiyependa maneno mengi, warudi Bagamoyo mjini kwa mchoraji Cosmas Lukoa. Cosmas ndiye msanii ambaye kila hoteli ya ufukweni ilikuwa na picha yake, na watu wa Makurunge walisema gari lake lilionekana mara kwa mara kwenye banda la bibi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana."

Nyumba yake ilikuwa ile ya zamani ya ghorofa, mlango wa kuchonga, ndani baridi. Kutani zilitundikwa picha kubwa zisizo na mtu wala mti wala nyumba: rangi tu, zimegusana na kusukumana, nyekundu ya udongo, nyeupe iliyochujuka, nyeusi ya makaa. Asteria hakuwa mtu wa sanaa. Hata hivyo mbele ya moja alisimama muda mrefu kuliko alivyokusudia, na pumzi ikamtulia. Chini kulia paliandikwa C. Lukoa.

"Bibi Gertruda ulimfahamu vipi?"

"Alikuwa akifagia chuoni nilikosoma sanaa. Mama mwema. Nilimsaidia."

"Alikuwa anachora?"

"Alikuwa anapakapaka tu." Cosmas alitabasamu. "Unajua wazee. Ukimpa rangi anafurahi."

"Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Dar. Nina maonyesho Jumamosi, makubwa kuliko yote niliyowahi kufanya. Wageni wanatoka ng'ambo."

"Peke yako?"

"Peke yangu, mwanangu. Mchoraji hutembea peke yake."

"Naomba nigeuze hii nione nyuma."

Tabasamu lilichelewa kidogo kurudi. "Watu hawaangaliagi nyuma."

"Mimi hulipwa kwa kuangalia nyuma."

Husseni aliishusha picha. Kitambaa kilikuwa marekani, pamba ile nyepesi ya bei ya chini, na kabla ya kugongewa kwenye fremu kilikuwa kimekunjwa pindo kwa mkono. Nyuzi zilipishana kimsalaba, ndogo, sawasawa, na popote pale hapakuonekana fundo, wala pa kuanzia wala pa kumalizia. Asteria alitoa kipande chake kwenye mfuko wa nailoni akakiweka kando. Pindo lilikuwa lile lile.

"Nani anakushonea?"

"Nanunua maturubai yameshashonwa. Kuna mama mmoja Kariakoo."

"Jina lake?"

"Mwanangu, ni siku nyingi."

Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye mdomo wa juu, na ndani ya nyumba ile hapakuwa na joto. Asteria alijua hatua hiyo. Mtu akishakaza hivyo hukupa nusu ya ukweli ukimlegeza, na hakupi kitu ukizidi kumbana. Basi akafanya alichofundishwa: akaketi, akafungua chupa ya maji aliyokaribishwa, akatafuta kisa cha kuchekesha.

"Leo nimeaibishwa, mzee, hata sijui niseme nini. Nimetoka Miono. Nimeambiwa mimi mtoto mdogo."

"Na nani?"

"Mama mmoja. Kanizuia mlangoni, eti ndani kuna mwali na mimi sikuchezwa. Bastola ninayo, pingu ninazo, nimefukuzwa kama kuku."

Cosmas alicheka. Alicheka kwa moyo kabisa, akajipiga paja. Halafu kicheko kikakatika katikati.

"Kwa nani huko Miono?"

"Kwa Nadhira."

"Nadhira wa karibu na mashine ya kusaga?"

"Huyo huyo."

"Ana mwali." Cosmas aliuangalia mlango, kisha saa yake. "Hongera zake. Mwanangu, utaniwia radhi, nina mgeni anatua uwanja wa ndege. Picha hiyo ichukueni kama mnaihitaji. Sina la kuficha."

Aliwasindikiza hadi kwenye gari, akawafungulia mlango kwa adabu zote. Asteria aliondoka na picha kiti cha nyuma, akijipongeza kwa lile pindo. Nyuma yao gari jeupe la Cosmas lilitoka getini likakunja upande wa barabara ya Msata. Uwanja wa ndege uko upande mwingine. Aliliona kwenye kioo, akadhani anapitia kwanza kituo cha mafuta.

* * *

Duka la Taramati, ambako Asteria alikipeleka kile kipande kumtafuta aliyekishona, lilikuwa limekaa mtaa mmoja wa Bagamoyo tangu enzi za baba yake: rangi, misumari, chokaa, kamba, na marobota ya marekani juu ya kabati. Taramati mwenyewe, mama wa Kihindi mwenye nywele nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi, alikishika kile kipande cha kitambaa kwa ncha za vidole. Hakuhitaji hata kukigeuza.

"Hii Gertruda."

"Una uhakika?"

"Sisi tumekua pamoja, mwanangu. Mimi najua pindo yake kuliko sahihi yangu mwenyewe." Akavuta kigoda. "Watawa wa misheni walimfundisha. Chumba cha ushonaji, mavazi ya padri. Fundo isionekane mbele, isionekane nyuma. Sista akiona fundo, unafumua yote, unaanza. Gertruda alilia sana pale. Lakini si kwa sababu ya fundo."

"Kwa sababu gani?"

"Wanampa kielelezo atarizi mwanakondoo na zabibu. Yeye anaweka rangi tu. Rangi ya mwanakondoo ipo, ya zabibu ipo, mwanakondoo mwenyewe hakuna. Sista anauliza, hii ni nini? Gertruda hajui kumjibu. Anachapwa."

Mteja aliingia kutaka misumari ya bati. Taramati alimpimia, akarudi.

"Halafu bibi yake akamtoa misheni, akampeleka Miono, akamweka mwali. Watawa walikasirika sana, maana yeye Mkristo, lakini bibi hakusikia. Mle ndani huongei. Miezi. Kuna ukuta tu. Basi yeye alichora ukuta, na mkaa, na unga wa muhogo, na udongo. Aliniambia, Tara, pale hakuna mtu aliniuliza hii ni nini. Desturi ya bibi yake, siku mwali anatoka, ukuta unapakwa chokaa. Yote imekwenda. Hakusikitika. Alisema imebaki mkononi."

"Na hapa dukani?"

"Baba yangu Jaysukh alimpa kazi ya kukoroga rangi. Zamani rangi ilikuja unga, unakoroga mwenyewe. Mteja anataka kuona, tunapaka kwenye ubao. Zile bao za Gertruda, watu walikuja kutazama tu na hawanunui rangi! Baba alikasirika, halafu alizitundika nyumbani kwake." Akacheka, akafuta macho. "Chuo cha sanaa akaenda kufagia. Kusoma hawakumpokea. Alisimama dirishani na ufagio, anasikiliza. Mwalimu akaona kazi yake siku moja, akamwambia, mama, chora kitu. Kila mtu, chora kitu, hii ni nini. Cosmas peke yake hakuuliza. Cosmas aliuliza, utaniachia?"

"Alimwachia?"

"Miaka thelathini. Yeye analeta marekani na rangi, anachukua picha, anaandika jina lake. Alimwambia, nani atatundika picha ya mfagiaji? Na Gertruda aliamini. Mimi niligombana naye mpaka nikachoka. Lakini Martini hakuchoka. Mwezi huu alimwambia, mama, Jumamosi tutakwenda Dar wote wawili, tutasimama katikati ya watu wake, na utashona pindo mbele yao."

Asteria aliacha kuandika. Ndiyo hiyo sababu ya nyundo. Mkuu wake angelazimika kufungua faili upya, na hilo lilimpa furaha ndogo isiyostahili.

"Mama, nilikwenda Miono kumtafuta. Kwa Nadhira. Hayupo."

"Uliingia?"

"Kuna mwali ndani. Sikuruhusiwa."

Taramati alivua miwani. "Mwali wa nani?"

"Binti yake, nadhani."

"Nadhira hana binti. Ana vijana watatu, wote wako Tanga."

"Labda mjukuu."

"Wajukuu wananyonya, mwanangu."

Asteria aliyaona tena mambo yote aliyoyaona asubuhi: ndizi zilizopondwa kwa mtu asiye na meno, kahawa ambayo msichana hapewi, chokaa, vidole kwenye mwimo. Na mara baada ya hayo akaona kitu kibaya zaidi, kicheko kilichokatika katikati.

"Cosmas ni mwenyeji wa wapi?" aliuliza.

"Mama yake Mkwere wa Miono. Amecheza uani kwa Nadhira akiwa mtoto."

Alikuwa ameambiwa asimtaje mwali. Kitu kimoja tu alichoombwa, na alikwenda akakitia masikioni mwa muuaji pamoja na kicheko.

* * *

Husseni aliendesha kama mtu aliyeibiwa. Daraja la Ruvu wakalipita, Makurunge wakakwama nyuma ya lori la miwa lililojaa hadi angani, na Asteria akapiga simu kwa mtendaji wa kijiji ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Kituo cha jirani kilimjibu kwamba askari wote wako kwenye ajali ya basi barabara kuu.

"Ametuacha kwa saa nzima, Husseni."

"Ndiyo, afande."

"Nimemuua huyu bibi."

Husseni alipiga honi, akatoka upande wa kulia, akalipita lori huku pikipiki iliyokuwa mbele yao ikijitupa majanini. Fukayosi ilipita. Asteria alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, na kila alipofumba macho alimwona Martini kifudifudi. Safari hii mwili ulikuwa mdogo na umevaa khanga. Hakuwa na aibu kuiita hali ile kwa jina lake. Alikuwa anaogopa.

Baada ya Msata waliacha lami. Njia ya vumbi ilikuwa na makorongo, na kwenye makorongo hayo zilikuwepo alama mpya za matairi mapana.

Ngoma waliisikia kabla ya kuona nyumba. Haikuwa ngoma hasa. Zilikuwa ndoo, masufuria na vinu, vinapigwa vyote kwa pamoja. Walipopinda kona ya mashine ya kusaga, Husseni alikanyaga breki.

Wanawake walikuwa wamejaa uwanjani kwa Nadhira, vizee kwa vijana, wengine na michi mikononi, wanaimba na kuzunguka. Katikati ya mduara lilikuwa gari jeupe. Cosmas alikuwa ndani, vioo vimepandishwa, shati limemganda mwilini. Nje ya mduara wanaume wa kijiji walisimama mbali na mapanga ya shambani, migongo wameigeuzia nyumba kwa heshima, lakini njia ya kutokea wameikalia.

Nadhira alikuwa bado mlangoni. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Alikuja akasema yeye mjomba, ana zawadi ya mwali. Nikamwambia weka nje. Akaniambia, mimi na wewe tunajua humo hamna mwali. Akanisukuma, nikaanguka. Basi nikapiga ukelele. Nikasema mwanamume anamvunjia mwali mlango!"

"Na wao wanaamini kuna mwali?"

"Mwenzangu," Nadhira alinong'ona, "kijiji kizima kinaamini. Niliwaambia nimeletewa mtoto wa ndugu yangu, na wa kuingia ni mimi peke yangu. Ndiyo tumepona."

Asteria alipita katikati ya wanawake, akagonga kioo cha gari. Cosmas alikifungua kidogo. Macho yalikuwa mekundu.

"Nitoe hapa," alisema. "Wataniua."

"Zawadi ya mwali iko wapi?"

Husseni alifungua mlango wa nyuma. Sakafuni, chini ya gunia, palikuwa na dumu la petroli na nyundo ya seremala yenye mpini uliofungwa utepe mweusi. Husseni aliinyanyua kwa kitambaa. Kwenye mpini, chini ya utepe, herufi M ilikuwa imechomwa kwa msumari wa moto.

"Ulitaka tuikute ndani kwake," Asteria alisema. "Nyumba imeungua, bibi kafa ndani, nyundo ubavuni. Muuaji kajificha, moto wa jikoni umemkuta. Mkuu wangu angekushukuru."

"Zile picha ni zangu," Cosmas alisema. "Mimi ndiye niliyezifanya zionekane."

"Toka taratibu. Mikono mbele."

Pingu zilipofungwa, masufuria yalinyamaza. Asteria alirudi ukumbini. Alikuwa na bastola, kitambulisho na mtuhumiwa, na bado hakuugusa mlango.

"Sijachezwa," alimwambia Nadhira.

Nadhira alisita. Ndipo sauti ndogo yenye kikohozi ikatoka ndani. "Mwache aingie."

Chumba kilikuwa na dirisha moja lililozibwa kwa khanga. Bibi Gertruda alikuwa ameketi mkekani, mguu mmoja umenyooshwa, mwembamba kuliko picha ya kitambulisho chake, na mapajani alikuwa na kipande kikubwa cha marekani na sindano. Ndoo ya chokaa ilikuwa pembeni. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa umechorwa wote, juu hadi chini, kwa mkaa, unga na udongo mwekundu. Nyeusi ilikuwa imeanzia mlangoni, nzito, ikisukuma. Nyeupe ilirudi nyuma, ikabanwa pembeni, na hapo pembeni ikakataa kwenda zaidi. Asteria aliitazama na mwili ukamsisimka, maana woga ule aliutambua. Alikuwa nao garini muda wote. Swali lilimfika kwenye ulimi, akalimeza.

"Hukuniuliza ni nini," Gertruda alisema.

"Sikuuliza, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Martini naye hajawahi kuniuliza." Alivuta uzi, akaulaza, akauficha. "Yeye ndiye aliyeniambia nije huku nijifungie, nisitoke kwa sauti ya mtu yeyote ila yake. Namshonea hii aitandie fremu. Upande mmoja tu umebaki. Umekuja naye?"

Kumbe Nadhira hakumwambia. Siku zote hizo alipika, akachota maji, akaimba, na hakuweza kulileta neno hilo chumbani. Asteria alipiga magoti kwenye mkeka.

"Bibi, Martini amefariki. Aliuawa siku ile ile aliyokutoa bandani. Cosmas amemuua. Tumemkamata, yuko nje."

Sindano ilisimama. Gertruda hakulia. Aliutazama upande uliobaki wa kitambaa, akaendelea kushona, na Asteria akangoja pale pale magotini hadi pindo likafika pembeni. Bibi alikata uzi kwa kuuvuta. Fundo halikuonekana.

"Kuna jingine," Asteria alisema. "Cosmas alijua uko hapa kwa sababu yangu. Niliambiwa nisimtaje mwali. Nikamtaja, nikiwa nacheka."

"Hujachezwa," Gertruda alisema. "Ungejuaje."

Akanyoosha mkono, Asteria akamwinua. Goti lilimuuma, akaegemea ukuta, na kiganja chake kikaacha alama nyeupe ndani ya nyeusi. Akaiangalia, akaiacha.

"Nifunike. Mwali hatoki uso wazi."

Asteria alimfunika kwa lile turubai alilokuwa akishona, wakatoka. Uwanjani vigelegele vilipanda, kisha vikafifia, kwa sababu mwali alikuwa anachechemea. Kikongwe mmoja alisogea, akaiangalia ile miguu iliyopasuka nyayo, akashika mdomo. Nadhira alikuwa ameanza kulia kwa hofu ya watakavyomfanya wenzake.

Gertruda alitembea hadi mbele ya Cosmas, akafunua uso.

"Watu hawa hawanijui," alisema. "Waambie mimi nani na zile picha kachora nani."

Cosmas aliangalia chini. Husseni alimshika bega, si kwa nguvu. Wanawake walikuwa wamesogea karibu, wote, na michi yao.

"Gertruda," Cosmas alisema, kwa sauti ya chini sana. "Amechora Gertruda."

"Kwa nguvu," bibi alisema. "Martini hakusikia."